Karatoni za Matangani

Kabla hamjaanza kusoma, nawaomba radhi. Mistari yangu inapanda na kushuka, na yako maneno ambayo sijui kama nimeyaandika sawa. Shule niliiachia darasa la sita, na kalamu inanichosha vidole upesi. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo. Nikijaribu, natafuta neno la kwanza na watu wanasubiri, halafu wanaanza kuzungumza mengine. Ndiyo maana naliandika, kidogo leo, kidogo kesho.

Sisi tunakaa Alunguli, ng'ambo ya mto ukitoka mjini Kindu. Mama yangu anauza maziwa ya unga. Yanatoka Uturuki, yako ndani ya vifuko vidogo vinavyong'aa, vyenye picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona. Wateja wake wakubwa ni wachuuzi wanaopeleka bidhaa Kampene, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa maana mchimbaji akipata chochote shimoni, asubuhi yake anataka chai nzito yenye maziwa. Zamani vifuko hivyo vilitufikia kwa ndege kutoka Goma. Vita iliporudi na njia ile ikafungwa, maziwa yakaisha sokoni, na mama akakaa nyumbani miezi mingi akiuza mihogo tu. Ndipo mjomba wangu, mdogo wake mama anayekaa Kalemie, aliposema kwamba atajaribu njia nyingine: meli, halafu Tanzania, halafu ziwa, halafu treni mpaka Kindu.

Mjomba ndiye anayezungumza na muuzaji wa kule Uturuki. Sheria ya nchi yetu inataka kitu kilichotoka nje kiwe na maandishi ya Kifaransa: jina lake, nchi kilikotoka, nani amekiingiza, na kitaharibika lini. Vifuko vyetu vilikuwa na Kituruki na Kiarabu peke yake. Mjomba alimwomba muuzaji aandike Kifaransa kwenye kila kifuko. Muuzaji akajibu kwamba kazi hiyo anawafanyia wanaonunua kontena nzima, na sisi mali yetu ilijaza kona moja tu ya kontena ya mtu mwingine. Wakaelewana hivi: abandike karatasi ya Kifaransa juu ya kila karatoni. Kalemie wakaguzi walizisoma zile karatasi, wakapiga mihuri juu ya karatoni, mzigo ukapanda treni.

Siku hiyo mjomba alituma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, kwa sababu mama hana simu ya namna hiyo. Niliufungua kwa sauti kubwa jikoni, mama akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Yaya, dada yangu, unisikilize muzuri. Zile karatoni njo kitambulisho ya mali yetu. Bila karatoni, hakuna muntu atajua ile ni nini. Musitupe hata moja mpaka maziwa iishe. Umesikia? Usinijibu ndiyo-ndiyo."

"Ndiyo, ndiyo," mama akaiambia simu, wala hakusimamisha mchi.

Mzigo ulifika, tukauvusha mto kwa mtumbwi wa pirogi, na jioni ile ile mama akaanza kufungua karatoni zote na kumimina vifuko ndani ya magunia. Lazima nieleze kwa nini, la sivyo mtamwona mama yangu ni mtu asiyesikia. Karatoni haisafiri vizuri juu ya pikipiki kwenda Kampene. Ikinyeshewa inapasuka, ikifungwa kamba inapinda. Gunia linakaa. Lakini iko sababu nyingine, ya zamani. Katika vita ile ya kwanza, ambayo mimi nimesimuliwa tu, mama alikuwa msichana anayechuuza chumvi na sabuni kwa miguu, yeye pamoja na rafiki yake mmoja, ambaye leo ndiye jirani yetu wa nyumba ya pili. Waliyejifunza kwake hakuwa mwalimu, walikuwa ni watu wenye bunduki. Mwanamke aliyebeba karatoni kichwani walimwona kutoka mbali na kumwita. Mwanamke aliyebeba kikapu cha majani ya mihogo walimwacha apite. Kwa hiyo kila kitu walikivua nguo zake za dukani, wakakifunika kwa majani. Mara mbili wanajeshi waliwapora, na mara hizo mbili ni siku walizochoka wakabeba karatoni. Walilala porini pamoja, mgongo kwa mgongo ili wapate joto. Mpaka leo mama akiona karatoni iliyojaa ndani ya nyumba yetu hapati usingizi mpaka aifungue.

Asubuhi iliyofuata tulisikia kilio nyumba ya pili. Mume wa rafiki yake mama alikuwa amefariki.

Kwetu mtu akifa, watu hawaji kwa saa moja na kurudi. Wanakaa. Ndugu wa marehemu walifika kutoka vijiji vya Pangi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, na wanawake wote wanakaa chini pamoja na mjane, wanalala chini pamoja naye, hadi siku ya kufunga matanga. Mikeka haitoshi kamwe. Kwa hiyo kila nyumba ya jirani inatoa ilichonacho, na kitu kinachopendwa kuliko vyote ni karatoni. Ukiifungua na kuilaza, inazuia baridi ya sakafu kuliko mkeka. Mama hakungoja kuitwa. Alizipanga karatoni nyingi kichwani, mimi nikabeba zote zilizobaki, tukaingia uani tukilia kama inavyotakiwa. Mama mwenyewe alimtandikia mjane. Alichagua karatoni nzima kabisa, isiyo na alama ya kamba, akaipangusa kwa kitenge chake, akamkalisha juu yake. Wakashikana mikono. Mimi nilimtazama mama yangu nikaona ni mwanamke mzuri.

Haikupita hata siku nzima, kontroli wakaja, wale wakaguzi wa serikali.

Walikuwa wawili, mmoja anazungumza na mwingine anaangalia. Mjini kulikuwa na maneno kwamba kuna watu wanauza maziwa yaliyokwisha muda, wakaguzi wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kwa wafanyabiashara. Yule anayezungumza alikuwa kijana, mpole, viatu vyake vimejaa tope. Alisalimia kabla ya kuuliza. Baadaye nilitamani angekuwa mkali, maana mtu mkali unaweza kumchukia.

Alitoa kifuko kimoja ndani ya gunia, akakigeuza pande zote.

"Mama, hapa wameandika nini?"

"Maziwa, papa," mama akajibu, kama tunavyomwita mwanaume yeyote wa kuheshimiwa.

"Wapi wameandika maziwa?"

Mama akaonyesha ng'ombe.

Mwenzake akacheka, lakini yeye hakucheka. "Ng'ombe naona. Mimi nauliza maandishi. Hii lugha siijui. Wewe unaijua?"

"Hapana, papa."

"Basi nani kati yetu anajua kama ndani kuna maziwa ama dawa ya panya? Kifaransa iko wapi?"

"Iko juu ya karatoni. Wamebandika muzuri, na muhuri ya Kalemie iko."

"Muzuri sana. Karatoni iko wapi?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama mlango.

"Ulitupa?"

"Sikutupa! Mudogo wangu alinikataza kutupa. Nimeazimisha."

"Umeazimisha karatoni?"

"Kwa matanga, papa. Pale." Akaonyesha kwa mdomo, kama tunavyoonyesha kitu ambacho kukinyooshea mkono ni utovu wa adabu. Kutoka uani kwetu tulisikia kwaya ya wanawake ikiimba.

Yule kijana alivua kofia yake kidogo, kwa heshima ya marehemu, akairudisha. Kisha akasema polepole, kama anamweleza mgonjwa, kwamba magunia yote atayapeleka depo, ghala yao ya ng'ambo. Mali isiyojulikana ni nini na itaharibika lini, haiuzwi, inachomwa. Lakini mama akileta karatoni zenye karatasi na mihuri kabla ya depo kufungwa kesho, watahesabu vifuko, watalinganisha, na kila karatoni itakayosomeka itarudishiwa vifuko vyake.

"Papa, chukua kidogo upelekee watoto nyumbani," mama akajaribu.

"Watoto wangu wanywe kitu baba yao ameshindwa kusoma?"

Wakabeba magunia. Majirani walikuwa wamesimama njiani. Nilisikia mtu akisema, "Wale wa maziwa mabovu ni hawa," na nikaingia ndani nikafunga dirisha. Maziwa hayakuwa mabovu. Lakini ni nani angetoka kwenda kulisema hilo? Mimi?

Yale magunia yalikuwa ni kila kitu mama alichokuwa nacho. Yakichomwa, hakuna kurudi sokoni. Nilijua hivyo, na mama alijua hivyo, ila usiku ule hakuna aliyesema neno karatoni. Asubuhi mama alivaa kitenge cha kilio na kusema, "Twende."

Nilifikiri yeye atasema. Njiani nilijaribu kuwaza maneno yake: pengine atamvuta rafiki yake pembeni, pengine atamwita shemeji mmoja wa mjane nyuma ya nyumba. Tuliingia, tukalia kidogo, tukakaa. Mjane alikuwa palepale alipokalishwa, miguu ameinyoosha, kichwa kimefungwa kitambaa. Wanawake walikuwa wamejaa sakafu nzima. Chini yao niliona ng'ombe wetu, yule yule wa vifuko, aliyechorwa pia juu ya karatoni: hapa kichwa, pale mkia, pale karatasi nyeupe ya Kifaransa imekanyagwa na kisigino cha mtu. Mama aliushika mkono wa rafiki yake. Akakaa nao. Akaendelea kuushika. Jua likapanda juu ya bati, na mama hakufungua mdomo.

Mwishowe akaniinamia sikioni. "Sema wewe."

"Mimi?"

"Mimi nililala naye porini. Siwezi kumwambia ainuke."

"Mama, na mimi siwezi."

"Basi ichomwe."

Nilisimama. Nikasema maneno ambayo sikuyasikia hata mimi mwenyewe. Bibi mmoja mzee kutoka kijijini akaweka mkono sikioni.

"Mutoto anasema nini?"

"Sijui. Pengine anataka maji."

"Sema na nguvu, binti. Hatukuli."

"Naomba karatoni," nikasema.

Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo mmoja, haijaanza mwingine, kwa hiyo kila mtu alinisikia. Nikaendelea kwa sababu kusimama bila kusema kulikuwa kubaya zaidi: kwamba kontroli wamechukua maziwa, kwamba Kifaransa kiko juu ya karatoni, kwamba depo inafungwa jioni. Nilieleza vibaya. Nilianzia Uturuki.

Kwetu katika kila matanga kuna mtani wa marehemu. Kazi yake ni kuchokoza watu ili kilio kisiue walio hai, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mtani wa siku ile alikuwa mwanaume mrefu aliyevaa koti la marehemu kinyume, ndani nje. Alikuwa mlangoni anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Simameni! Simameni wote! Mwenye vitanda amekuja kuchukua vitanda vyake!" Akapita katikati ya wanawake, akainama kwa kila mmoja kama mkaguzi. "Wewe mama, toka Uturuki? Hapana? Basi inuka juu ya Uturuki. Na wewe, shangazi, inua hiyo mizigo yako ya nyuma tusome muhuri. Ah! Muhuri umehamia kwenye kitenge! Huyu apelekwe depo yeye mwenyewe!"

Watu walicheka. Wanawake waliokuwa wamelia tangu usiku walicheka wakashika mbavu. Walisimama mmoja mmoja, wakijishika viuno, na kila aliyesimama nilivuta karatoni chini ya miguu yake. Zilikuwa na joto la miili yao. Nyingine zilikuwa zimelowa, kwa kuwa mvua ilikuwa imeingia mlangoni, na nyingine watoto walikuwa wamezikojolea. "Asante, mama. Samahani, mama. Asante." Bibi yule mzee hakuelewa bado, walimnyanyua mabega, akauliza, "Kwani marehemu aliziiba?" wakacheka tena. Mimi nilikuwa nalia, lakini katika matanga hakuna anayeuliza kwa nini unalia.

Kisha nikafika kwa mjane.

Mtani alirudi mlangoni kwenye kikombe chake. Hata yeye ana mahali pa kuishia. Mjane kwetu haondoki pale alipokalishwa mpaka siku ya kufunga, na wakati huo hasemi sana. Karatoni yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Karatasi haikuwa na hata doa. Nilitaka kugeuka. Nilimtazama mama, na mama alikuwa ameinamisha uso juu ya magoti yake.

Mjane mwenyewe aliegemea mkono mmoja, akanyanyua upande wa kulia, akaivuta karatoni. Akanyanyua upande wa kushoto, akaivuta tena, mpaka ikatoka yote. Akaikunja sawasawa kwa mstari wake. Akaninyooshea. Halafu akakaa juu ya simenti, akapanga kitenge chake, akaita kwaya iendelee.

Tulivuka mto na mzigo wa karatoni zilizolowa. Pale depo yule kijana alizilaza mezani moja moja na kusoma kwa kidole. Alikuwa mwaminifu kwa neno lake. Zilizosomeka, alitoa vifuko vyake na kuvirudisha. Zile ambazo wino ulikuwa umekimbia, au mihuri ilikuwa imebaki kwenye vitenge vya watu, alizitenga, na maziwa yake yalichomwa nyuma ya depo pamoja na mali ya watu wengine. Harufu yake ilikuwa nzuri, kama mtu anapika. Karatoni ya mjane aliisoma mara moja tu. "Hii njo mufano," akamwambia mwenzake. "Angalia. Kama wote wangetunza hivi."

Zaidi ya nusu ya maziwa yalirudi. Mama alirudi sokoni. Kwa hesabu ya biashara, tulipona.

Mama alinunua mikeka mipya, mizuri, ya kufumwa kwa rangi mbili, na siku ya kufunga matanga tuliipeleka. Tulikuta watu wengi wamekaa uani, mjane ameshanyolewa nywele na kuoga, ameruhusiwa kusema. Mama akaitandika mikeka mbele yake. Mjane akaipapasa kwa kiganja, akaangalia ufumaji wake.

"Mizuri," akasema. "Ni ya kukaa ama ya kuazima?"

Hakusema kwa ukali. Watu waliokuwa karibu walicheka, wakifikiri ni utani wa matanga ungali unaendelea. Mama naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mama, nikaona shingo yake ikizama mabegani kama ya mtu aliyepigwa.

Sasa mjomba ameungana na wafanyabiashara wengine wa Kalemie ili wanunue kontena nzima, na muuzaji wa Uturuki amekubali kuandika Kifaransa kwenye kila kifuko: *lait en poudre*, yaani maziwa ya unga, na tarehe chini yake. Karatoni zikifika hatuna tena haja nazo. Mama anazipanga ukutani. Watu wamekufa tena mtaani kwetu tangu siku ile, kama wanavyokufa kila mahali, na kila mara mama hubeba karatoni kichwani kwenda kutoa, na kila mara wanampokea kwa adabu, wanamwambia mikeka iliyopo inatosha. Nimeingia katika nyumba hizo. Haitoshi. Nimeona wanawake wamelala juu ya simenti.

Rafiki yake mama hupita mbele ya nyumba yetu akienda mtoni. Husalimia. Mama huitikia. Mimi nikiwa uani huingia ndani, najifanya natafuta kitu.

Ninachotaka kwenu mnaosoma ni kitu kimoja. Najua sheria ile ni nzuri. Hata mimi sitaki mtoto anywe kitu asichokijua mtu. Najua pia kwamba mama asingerudi sokoni kama ningekaa kimya. Lakini sijui tungefanyaje, na hapa siwezi kumuuliza mtu. Pengine kwenu mambo haya yamewahi kutokea, kitu chako kiko chini ya mtu mwenye msiba nawe unakihitaji leo. Mlisema maneno gani? Mlimtuma nani? Na baadaye, mlikwendaje kwake hadi akawapokea tena? Tafadhali niandikieni. Hata mistari michache inatosha, na kama hamjui jibu, niandikieni hivyo hivyo kwamba hamjui.